Sindano, daftari na kemo: namna ya kukabili madhara ya dawa za saratani ya utumbo mpana

Mimi ni fundi cherehani. Vidole vyangu ndivyo vilivyonilisha na kunisomeshea watoto. Kwa hiyo habari ya vidole nitaitanguliza kabla ya ile ya tumbo, ingawa vijitabu vya wagonjwa huanza na kichefuchefu.

Nilipasuliwa, kipande cha utumbo mpana kikaondolewa, na maabara ikakuta saratani imeshafika kwenye tezi za limfu zilizo karibu. Hiyo ndiyo hatua ya tatu. Nikapangiwa kemo ya miezi sita, mizunguko 12, kila baada ya wiki mbili. Dripu ya oksaliplatini na ya asidi foliniki zilichukua saa mbili. Kisha ikaja fluorourasili, kwanza kwa sindano ya mara moja, halafu kwa pampu ndogo niliyorudi nayo nyumbani kwa saa 46. Madaktari huuita mpango huu FOLFOX. Wengine hupewa kapesitabini, vidonge ambavyo mwili huvigeuza kuwa fluorourasili. Wapo pia wanaopewa dawa nyingine iitwayo irinotekani.

Yaandike majina ya dawa zako kabla hujasikiliza ushauri wa mtu yeyote, wangu ukiwemo, kwa sababu kila dawa ina madhara yake. Mgonjwa anayepewa fluorourasili peke yake anaweza kuambiwa anyonye barafu wakati wa sindano ili mdomo usipate vidonda. Anayepewa oksaliplatini akifanya hivyo atahisi koo linakaba.

Salamu si taarifa

Kwa mizunguko saba daktari aliniuliza, "Unaendeleaje, mama?" nami nikamjibu, "Naendelea vizuri, namshukuru Mungu." Nilimjibu kama mtu aliyesalimiwa njiani. Yeye alikuwa anauliza ili apange kipimo cha dawa ya siku ile, na mimi nilimnyima alichohitaji.

Mdogo wangu ndiye aliyeninunulia daftari. Tukachora safu kama ninavyochora za vipimo vya wateja: tarehe, joto la mwili asubuhi na jioni, choo mara ngapi, nimekunywa vikombe vingapi, mdomo, vidole, dawa nilizomeza na saa nilizozimeza. Maumivu na uchovu niliyapa alama kuanzia 0 hadi 10. Kazi yote haikuzidi dakika tano kwa siku. Siku ya kliniki nilimfungulia daktari ukurasa, akasoma mwenyewe. Kuanzia hapo akabadilisha mambo matatu ambayo ningeendelea kuyavumilia bure: dawa ya kichefuchefu, saa ya kumeza deksamethasoni (steroidi inayosaidia kuzuia kichefuchefu), na oksaliplatini yenyewe. Hilo la mwisho nililichelewesha kwa kosa langu, na nitalieleza.

Homa haingoji asubuhi

Nunua kipimajoto kabla ya dripu ya kwanza. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, mara nyingi zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, na wakati huo maambukizi madogo yanaweza kuua ndani ya saa chache. Joto likifika 38, piga simu au nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama unajisikia una nguvu. Usimeze paracetamoli kwanza. Itashusha joto na kuficha hatari, na ukifika utaonekana huna tatizo. Kutetemeka kwa baridi hata bila joto kupanda ni sababu ya kutosha ya kwenda. Kama una kifaa cha mishipa kilichowekwa kifuani au mkononi, angalia pia wekundu, uvimbe au usaha hapo.

Ukifika mapokezi usiseme "naumwa". Sema: "Niko kwenye kemo na nina homa." Nililazimika kwenda mara moja, siku ya tisa ya mzunguko wa nne, joto 38.4. Mdogo wangu alimrudia mpokezi sentensi hiyo mara tatu kabla hatujapitishwa mbele, na sentensi hiyo ndiyo iliyofanya nianze kupewa antibiotiki upesi.

Baridi, kisha ganzi

Haya ni madhara mawili tofauti ya oksaliplatini, na wengi huyachanganya.

La kwanza huja haraka. Asubuhi iliyofuata dripu ya kwanza nilishika mkasi wangu mkubwa wa chuma, ukaniuma kama waya wenye umeme. Nikauachia. Baridi ya chuma, upepo, maji ya bomba, chupa iliyotoka kwenye friji, vyote huleta mchomo wa namna hiyo vidoleni, kwenye midomo na puani. Tonge la kwanza la chakula linaweza kukaza taya kwa uchungu, kisha likatulia ukiendelea kutafuna taratibu. Mwanzoni kwangu hali hii ilidumu siku tatu, baadaye ikafika wiki nzima.

Dawa yake ni kuikwepa baridi. Nilizungushia kitambaa vipini vya mkasi. Nilivaa glavu kabla ya kufungua friji, na soksi kabla ya kukanyaga sakafu. Maji nilikunywa ya vuguvugu tu. Nikitoka kwenye upepo nilifunika pua na mdomo kwa skafu.

Ukisahau ukanywa kitu cha baridi, unaweza kuhisi koo limefungwa na hewa haipiti. Hofu yake ni kubwa sana. Kaa, vuta hewa taratibu kupitia kitambaa, nywa kitu cha uvuguvugu. Hewa inapita, ni neva za koo zinazokudanganya, na hali hiyo hutulia. Lakini ukiona vipele, uso kuvimba, kifua kupiga filimbi au kizunguzungu, hiyo ni aleji na inahitaji msaada wa dharura. Aleji ya oksaliplatini inaweza kuzuka hata baada ya mizunguko mingi iliyopita salama, kwa hiyo ukiwa kwenye dripu mwambie muuguzi hata ukiwashwa viganja tu.

La pili ni ganzi inayojilimbikiza. Haitegemei baridi, na huongezeka kadiri jumla ya dawa inavyoongezeka mwilini. Kwangu ilianza kwenye mzunguko wa saba. Ncha za vidole zilikuwa kama zimevishwa kitambaa chembamba, na safari hii hazikurudi kawaida kabla ya dripu iliyofuata. Hapo ndipo ilipaswa kusemwa. Nilinyamaza, hata daftarini sikuandika. Niliogopa daktari atanipunguzia dawa ambayo ingeniponya.

Kwenye mzunguko wa tisa nilikuwa natunga uzi kwa kuutazama, si kwa kuuhisi. Siku moja nikaona doa la damu kwenye gauni jeupe la mteja, nikatafuta ilikotoka, nikakuta sindano imenichoma kidole mara mbili bila mimi kujua. Kliniki, muuguzi akaona plasta. "Mama, vidole vimefanya nini?" Ndipo nikasema.

Daktari hakunigombeza. Aliniomba nifungue na kufunga kifungo cha shati mbele yake, nikashindwa. Akaondoa oksaliplatini, tukamalizia kwa fluorourasili peke yake. Alinieleza kwamba hilo hufanyika kwa wagonjwa wengi na halimaanishi tiba imeshindwa. Baadaye nilisoma matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, yaliyounganisha majaribio sita na wagonjwa zaidi ya 12,000 wa hatua ya tatu. Kwa wale ambao saratani yao haikuwa ya hatari kubwa, hasa waliotumia kapesitabini na oksaliplatini, miezi mitatu ilikaribia sana kufanya kazi sawa na miezi sita, na ganzi ikapungua mno. Kwa hiyo muulize daktari wako mapema: mimi nimepangiwa miezi mingapi, na kwa nini?

Namna ya kuipima ganzi nyumbani: kila baada ya siku chache jaribu kufunga kifungo, kuokota sarafu mezani, kuandika jina lako, kutembea kwa mstari ulionyooka. Andika siku ganzi ilipoanza na siku ilipoisha. Ikifika siku ya dripu inayofuata na bado ipo, liwe jambo la kwanza kusema. Hakuna vitamini iliyothibitishwa kuizuia. Ikiwa inauma, duloksetini inaweza kusaidia baadhi ya watu, kwa kuandikiwa na daktari.

Tumbo

Kichefuchefu nilikikosea kwa kukisubiri. Dawa zake humezwa kabla, kwa saa zilizoandikwa, hata ukiwa hujisikii vibaya. Kichefuchefu kikishashika ni kazi kukitoa. Ondansetroni ilinisaidia ila ikanifungia choo siku nne, na baada ya kupasuliwa utumbo hilo si jambo la kupuuza. Omba dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo unapopewa ondansetroni. Tumbo likivimba na kuuma, ukitapika, na hata hewa ya tumbo haitoki, nenda hospitali, huenda utumbo umeziba. Deksamethasoni imeze asubuhi. Mimi niliimeza jioni nikakesha usiku mbili, nikidhani ni mawazo ya ugonjwa. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi siku hizo, maana dawa hii huipandisha.

Kuna kichefuchefu kingine kisichotokana na dawa yenyewe. Mzunguko wa sita nilitapika mlangoni mwa kliniki kwa kunusa tu harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, kabla sijachomwa chochote. Niliona aibu kulitaja. Linajulikana, na kuna dawa ya kutuliza ambayo humezwa asubuhi ya siku ya kliniki. Litaje.

Kuhara hakupimwi kwa idadi ya mtu mwingine. Anza na kawaida yako. Baada ya upasuaji, kawaida yangu ilikuwa mara mbili kwa siku. Ukienda mara nne au zaidi juu ya kawaida yako, piga simu. Mwenye mfuko wa kinyesi tumboni ahesabu mara anazoumwaga, na aangalie kama kinachotoka kimekuwa maji matupu. Omba uandikiwe loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, na kipimo chake mapema, uwe nayo nyumbani. Hasa anayepewa irinotekani, kwa sababu kuhara kwake kunaweza kuwa kukali mno. Kuhara pamoja na homa, damu, maumivu makali au kutapika kila unachokunywa ni safari ya hospitali, si loperamidi ya nyumbani.

Maji yanayopotea yarudishwe pamoja na chumvi. Pakiti za ORS ndizo bora. Zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi usiizidishe. Nywa kidogokidogo, na uangalie mkojo. Ukiwa mchache na wa rangi iliyokolea, bado hujanywa vya kutosha.

Kula milo midogo mingi, chakula kiwe cha vuguvugu. Cha moto sana harufu yake hupanda puani, na cha baridi sana hugombana na oksaliplatini. Ladha ya chuma mdomoni ilipungua nilipoacha kijiko cha chuma nikatumia cha mbao. Mayai, samaki, maharage, maziwa kama tumbo linayapokea, chochote chenye protini kinachopita, kipite. Usijilaumu kwa siku moja ya kutokula. Jilinde usipoteze uzito wiki baada ya wiki, nao uandike daftarini.

Mdomo, viganja, nyayo

Sukutua mara nne au tano kwa siku, kabla vidonda havijatokea: kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha baking soda katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Tumia mswaki laini. Dawa za kusukutua zenye alkoholi ziache. Utando mweupe mdomoni unaweza kuwa fangasi, na una dawa yake. Vidonda vikikuzuia kumeza maji, usisubiri kliniki.

Kwenye kiti cha jirani yangu alikaa baba mmoja aliyekuwa anatumia vidonge vya kapesitabini. Viganja na nyayo zake zilianza kuwa nyekundu, kisha kuwaka, kisha ngozi ikavuka. Aliendelea kutembea mwendo mrefu na viatu vya kubana, akiamini jasho litatoa sumu. Ukiwa kwenye vidonge hivi, paka mafuta yenye urea viganjani na nyayoni tangu siku ya kwanza, vaa viatu vya nafasi, epuka maji ya moto na kazi ya kusugua. Jaribio lililofanyika India na kuchapishwa mwaka 2024 lilionyesha kwamba jeli ya kupaka ya diklofenaki ya asilimia 1 ilipunguza tatizo hili. Muulize daktari kama inakufaa.

Vidonge vimezwe ndani ya dakika 30 baada ya kula. Ukihara sana, ukipata vidonda vikali mdomoni au nyayo zikikuzuia kutembea, simamisha na upige simu siku hiyohiyo. Dozi zilizosimamishwa kwa madhara hazifidiwi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, lazima aseme kabla ya kuanza, kwani kapesitabini huongeza nguvu yake na kuleta hatari ya kutokwa damu. Dawa za mitishamba na vidonge vya asidi foliki pia vitajwe, hata kama umepewa na mtu unayemheshimu.

Mambo mawili ambayo hayavumiliwi hata saa moja

Maumivu ya kifua ukiwa na pampu ya fluorourasili au ukimeza kapesitabini. Dawa hizi zinaweza kukaza mishipa ya moyo, hata kwa kijana. Hiyo ni dharura. Pampu isimamishwe na hospitali, na vidonge viachwe.

La pili ni madhara makali mno mapema, ndani ya siku chache za dozi ya kwanza: kuhara kusikokoma, vidonda mdomo mzima, kuchanganyikiwa. Watu wachache huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho DPD, ambacho kazi yake ni kuivunja fluorourasili, kwa hiyo dawa hujaa mwilini. Kipo kipimo cha kuugundua upungufu huo kabla ya tiba, na tangu 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya inapendekeza kifanyike. Uliza kuhusu kipimo hicho kabla ya dozi ya kwanza. Ipo pia dawa ya kuokoa, uridini triasetati, ambayo hutolewa ndani ya saa 96 tangu dozi ya mwisho, ndiyo maana kila saa ina thamani.

Uchovu

Uchovu wangu ulikuwa na ratiba. Siku mbili za kwanza deksamethasoni ilinishikilia, ya tatu hadi ya tano nilianguka. Nilipoiona ratiba hiyo daftarini niliacha kupokea kazi za siku hizo, na watu wakapangiwa zamu za kunipikia. Kulala mchana kutwa kuliniongezea uchovu. Matembezi ya dakika kumi, hata ya kuzunguka nyumba, yaliupunguza. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana. Waliofuata programu ya mazoezi chini ya usimamizi kwa miaka mitatu baada ya kemo walipata kurudiwa na saratani kwa kiwango kidogo kuliko waliopewa maelezo ya afya tu, na waliishi zaidi. Niliposoma habari hizo nilimpigia mdogo wangu simu, tukaanza kutembea pamoja jioni. Lakini ukiwa na pumzi fupi, moyo unaenda mbio, au umepauka, pima damu kwanza.

Kwa walio nyumbani nawe: kwa saa 48 baada ya dawa, mkojo, kinyesi na matapishi huwa na mabaki ya kemo. Funika choo, vuta maji mara mbili, anayesafisha avae glavu, mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake. Pampu ikivuja, usiiguse kwa mikono mitupu, funga kibano ulichoonyeshwa na piga simu hospitali. Wenye uwezo wa kuzaa watumie kinga, kwani dawa hizi hudhuru mimba.

Baada ya dripu ya mwisho

Hakuna aliyeniambia kwamba ganzi inaweza kuzidi baada ya tiba kwisha. Yangu ilizidi kwa miezi mitatu, nikadhani saratani imerudi kwenye neva. Ni tabia ya oksaliplatini. Baada ya hapo vidole vya mikono vilianza kurudi polepole, kwa muda wa mwaka mzima. Vya miguu havijarudi vyote.

Sasa uzi nautunga kwa kile kijiwaya chembamba cha kutungia, na ninavaa kastabini hata kwa mshono mfupi. Maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko, maana mguu unanidanganya. Mikeka inayoteleza niliiondoa, na taa ya usiku inawaka njiani kwenda chooni. Kabla ya kulala naweka kioo kidogo sakafuni na kukagua nyayo zote mbili, katikati ya vidole pia. Nikikuta mchubuko ambao sikuusikia ukitokea, nausafisha, naufunika, nauandika daftarini, na kesho yake nauonyesha kwa muuguzi.